Mama karudishwa nyumbani na Panadol: morfini ya maji inapatikana wapi huku wilayani?

Binti_wa_Iramba

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Naandika nikiwa nje ya nyumba kwa sababu ndani mtandao haushiki, na pia sitaki mama asikie ninachouliza.

Mama yangu ana miaka 61. Mwaka jana mwezi wa nane alianza kutokwa damu, wakati mambo ya hedhi alishayaaga zamani. Zahanati walimpa dawa za UTI mara mbili. Mpaka tunamfikisha Dar ikawa ni saratani ya mlango wa kizazi na imeshatoka nje ya kizazi. Akapigwa mionzi, damu ikakata, akarudi kijijini akitembea kwa miguu yake kutoka stendi, watu wakampokea kwa vigelegele. Sasa imerudi. Safari hii hospitali tuliyokwenda, daktari alituita mimi na mjomba pembeni akasema: hapa hakuna tena cha kufanya, mpelekeni nyumbani mkamtunze. Cheti kiliandikwa Panadol na diklofenaki. Karatasi yenyewe ninayo, nimeikunja kwenye Biblia.

Hilo neno "mkamtunze" ndilo lililonileta hapa. Namtunzaje?

Kumwogesha nimeweza. Kumgeuza nimeweza. Harufu nimeizoea, ingawa yeye mwenyewe hajaizoea na siku hizi anakataa wageni wasiingie chumbani. Maumivu ndiyo yamenishinda. Yanaanzia kiunoni yanashuka paja la kushoto mpaka gotini. Mchana anajikaza, anaongea na majirani kupitia dirishani, anawauliza mvua imefika wapi. Usiku ndiyo kazi. Juzi niliwasha tochi ya simu nikamkuta amekunja pindo la khanga amelitia mdomoni, analiuma ili wajukuu wasiamke. Asubuhi nilipoifua ile khanga pindo lilikuwa limetoboka. Mimi ni fundi cherehani, nashona za watu miaka yote hii, lakini lile tundu sijaligusa mpaka leo.

Tulipokuwa Dar kuna mama mmoja kutoka Lindi alikuwa kitanda cha pili. Siku alipoletwa alilia mchana kutwa mpaka sauti ikakauka. Wakaanza kumpa dawa ya maji, kidogo tu kwenye kikombe, kila baada ya saa nne. Siku ya tatu tulimkuta amekaa kitandani anasuka ukili. Wauguzi walisema ni morfini, na kwamba hata nyumbani mtu anaweza kupewa akanywa mwenyewe.

Basi nimeitafuta huku. Duka la dawa kijana alinitazama kama nimeulizia bangi. Kituo cha afya nilikuta tabibu muungwana sana, alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia hawana, na hata ingekuwepo yeye haruhusiwi kuiandika, mpaka daktari. Hospitali kubwa kidogo wakasema wanayo ya sindano kwa ajili ya upasuaji, si ya kumpa mtu aende nayo nyumbani. Kutoka hapa Dar ni zaidi ya kilomita 700. Mama hawezi kukaa kwenye basi. Kila tuta la barabarani ni msiba.

Naomba mwenye kujua anielekeze, iwe Singida, Dodoma, Arusha, popote ninapoweza kwenda mimi nikamletea. Na mwenye kufahamu mambo ya serikali anijibu na hili: sheria ya bima ya afya kwa wote ilipita 2023, tukashangilia. Je, mtu ambaye haponi yumo humo? Mama amelima alizeti tangu sijazaliwa, na kila gunia lilikatwa ushuru getini. Naona kama siku alipoambiwa haponi ndiyo siku alipofutwa kwenye daftari.

---

Sista_Wodi_ya_Wanawake

Mdogo wangu, pole sana. Nimesoma usiku huu baada ya zamu, na nimeona nisilale kabla sijakujibu.

Mimi ni muuguzi, miaka 19 kazini, 11 kati ya hiyo nipo kwenye timu ya tiba shufaa, yaani ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa hata kama haponi, ya hospitali ya misheni kanda hii hii yetu. Nimekutumia ujumbe wa faragha wenye namba ya hospitali na siku ambazo daktari wetu yupo. Njoo wewe, mama mwache nyumbani. Njoo na ile karatasi, kadi yake ya matibabu, majibu ya kinyama kilichokatwa kikapimwa, na kipimo cha figo kama alishawahi kupimwa. Kipimo cha figo usikisahau. Saratani hii ina tabia ya kubana mirija inayoteremsha mkojo, na figo zikichoka morfini inakaa mwilini muda mrefu. Daktari akijua hilo ataanza na kiasi kidogo zaidi au atarefusha saa. Kama hakuna kipimo, muulize mama anakojoa mara ngapi kwa siku na utuambie.

Sasa nikueleze mambo ambayo hakuna aliyekueleza mlangoni wakati wa kuruhusiwa.

Dawa hiyo inanywewa kwa saa, haisubiri maumivu yaje. Saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, halafu saa 4 usiku daktari kwa kawaida anaandika dozi mara mbili ili mgonjwa alale hadi alfajiri bila kuamshwa. Tega simu. Watu wengi wanaharibu hapo: wanaona mama ametulia wanasema tuihifadhi, maumivu yanarudi, wanaanza kuyakimbiza upya. Mpimie kwa bomba la sindano lisilo na sindano, si kijiko cha chai, maana vijiko vyetu havilingani. Nunua daftari la shule, andika saa, kiasi, na alivyokuwa. Daftari hilo ndilo litakalomwambia daktari aongeze au apunguze.

Itamfunga choo. Si labda, itamfunga. Usiondoke kwetu bila dawa ya kulainisha choo, na ianze siku ileile. Wenzetu wa Uganda wanatumia hata mbegu za papai, wanazianika, wanazisaga, wanampa mgonjwa unga wake kidogo. Siku mbili tatu za mwanzo atasinzia na pengine kichefuchefu kitamsumbua. Usiogope ukaikatisha, mara nyingi anakuwa amechoka kwa usingizi alioukosa wiki nzima. Lakini akisinzia mpaka hawezi kuamshwa, au pumzi zikawa za kuhesabu, usimpe dozi inayofuata, tupigie.

Na harufu. Hili nalisema kwa herufi kubwa moyoni maana nimeona wanawake wakifa wapweke kwa ajili yake. Vidonge vya Flagyl, vile vya kawaida kabisa, vinasagwa vikawa unga, na tutakuonyesha namna ya kuvitumia kwenye sehemu ile baada ya kusafisha. Ndani ya siku chache chumba kinabadilika. Nilikuwa na mgonjwa Manyoni ambaye mumewe alikuwa amehamia kulala sebuleni. Tulipodhibiti harufu alirudi. Walikaa pamoja miezi miwili.

Mwisho, kuhusu kauli ya "hakuna cha kufanya". Mimi ni mtu wa hospitali na inanichoma. Mwanamama aliyeanzisha kazi hii kwa sura tunayoijua leo, Cicely Saunders, aliyefungua nyumba ya wagonjwa ya St Christopher's pale London mwaka 1967, alikuwa muuguzi kwanza, kisha ofisa ustawi wa jamii, kisha akasomea udaktari ukubwani kwa sababu hii hii. Alifundisha kwamba maumivu ya anayekufa ni ya mwili, ya roho, ya watoto anaowaacha na ya deni la duka, vyote kwa pamoja, na kila kimoja kina la kufanyiwa. Mama yako ana la kufanyiwa asubuhi, mchana na usiku. Muulize pia anaogopa nini. Wengi hawaogopi kufa, wanaogopa shamba litagombaniwa.

---

Mkweli_Daima

Samahani kama nitaudhi. Hiyo morfini ndiyo ndugu ya heroini. Ukimwanzishia mama hiyo umemmaliza mapema, na nyumba yenu itageuka kijiwe. Bora maombi na dawa za asili.

---

Binti_wa_Iramba

Ndugu, maombi tunafanya kila jioni, wazee wa kanisa wanakuja. Dawa za asili amekunywa ndoo mbili. Nakuheshimu, ila naomba uje ulale hapa usiku mmoja tu, kisha uandike tena.

Dada Sista, nimepata ujumbe. Mungu akubariki. Sikujua habari ya figo, hakuna aliyewahi kunitajia. Anakojoa, lakini kidogo.

---

Sista_Wodi_ya_Wanawake

Mkweli, nakujibu kwa upole kwa sababu swali lako naulizwa na ndugu wa wagonjwa kila wiki. Mtu mwenye maumivu ya saratani anayepewa kwa kipimo, kwa mdomo, kwa saa, hatafuti ulevi, anatafuta kukaa. Morfini iliyopimwa vizuri haimuui. Nimeona wakila tena, wakitembea hadi kibarazani, kwa sababu maumivu yenyewe ndiyo yaliyokuwa yanawamaliza. Kuhusu kijiwe: chupa inafungiwa kabatini, na kinachobaki kinarudishwa hospitali na kuandikwa.

---

Mtu_wa_Mutukula

Mimi ni Mhaya wa Missenyi, lakini biashara zangu ziko upande wa pili, Masaka hadi Mbarara. Naomba nichangie swali la pili la dada, la serikali, kwa sababu nimeona kwa macho.

Uganda si tajiri kuliko sisi. Lakini mwaka 1993 daktari mmoja Mwingereza, Anne Merriman, alifika Kampala akaanzisha Hospice Africa Uganda, shirika la kutunza wagonjwa wasiopona. Alikuwa ameshafanya kazi Singapore na Nairobi. Alichokuja nacho ni mapishi tu: unga wa morfini, maji safi, kihifadhi, na rangi ya chakula ili wasiosoma wasichanganye nguvu za dawa. Ya kijani ndiyo nyepesi, nyekundu kali, bluu kali zaidi. Ilikuwa inatiwa hata kwenye chupa za maji ya kunywa zilizokwisha kutumika. Mama huyo amefariki mwaka 2025 huko huko Kampala, mzee wa miaka tisini.

Ila dawa peke yake isingefika kijijini. Mwaka 2004 walibadilisha kanuni: muuguzi au tabibu aliyesomea tiba shufaa anaruhusiwa kuandika morfini mwenyewe. Nchi ya kwanza Afrika kufanya hivyo kwa wauguzi. Hapo ndipo mambo yalipofunguka, maana vijijini daktari ni nani? Kuna siku barabarani, upande wa Mbarara, nilikuta gari limesimama chini ya mti, wagonjwa wamekaa kwenye nyasi na wengine kwenye baiskeli walizoletewa. Nilidhani ajali. Kumbe ni kliniki. Nesi ana meza ndogo ya plastiki, sanduku lenye kufuli, daftari, na kalamu. Anasikiliza, anaandika, anapima, anampa mtu chupa yake, anasonga. Hakuna jengo hapo. Dawa yenyewe mgonjwa hailipii.

Nilimfikiria baba yangu mdogo, aliyefia Kyaka kwa saratani ya tezi dume mwaka 2016, ng'ambo ya mpaka tu. Ukipiga mstari kutoka Kyaka hadi upande ule wa Mbarara hazifiki hata kilomita mia na hamsini.

---

Mfamasia_Kanda_ya_Ziwa

Mtu wa Mutukula amegusa penyewe. Naongezea upande wa stoo, maana nimekaa huko.

Watu wanadhani morfini haipo kwa sababu ni ghali. Ya maji ni miongoni mwa dawa za bei nafuu kabisa, haina hakimiliki ya mtu, imetumika miaka na miaka. Tatizo ni mzunguko. Chini ya mkataba wa kimataifa wa mwaka 1961 kila nchi inapeleka makadirio ya mwaka kwenye bodi iliyoko Vienna, inayodhibiti dawa za aina hii, kusema tutahitaji kilo kadhaa. Makadirio yanatokana na matumizi. Sasa hospitali ya wilaya haiagizi kwa kuwa hakuna anayeandika. Hakuna anayeandika kwa kuwa daktari hakufundishwa, au yuko mmoja na yuko chumba cha upasuaji. Mwisho wa mwaka karatasi inaonyesha matumizi sifuri, na sifuri inasomeka kama hakuna mwenye maumivu. Mama wa dada huyu, kwenye takwimu za wilaya yake, haumwi.

Kwa miaka mingi Ocean Road, hospitali ya saratani kule Dar, ndiyo imekuwa jiko la nchi: unga unafika, unachanganywa pale, hospitali nyingine zinafuata. Heshima kwao. Nimewahi kupanda basi usiku kucha na kasha miguuni, barua tatu mfukoni, nikifuata chupa ambazo zingeweza kuchanganywa kanda yoyote yenye maabara safi na mfamasia mwaminifu. Rwanda walitunga sera yao ya tiba shufaa mwaka 2011 na sasa wanatengeneza ya kwao ya maji.

Kuhusu bima, dada umeuliza vizuri. Shirika la Afya Duniani linapoeleza maana ya huduma za afya kwa wote linataja kinga, tiba, utengamao (kumrudishia mtu uwezo wa mwili wake) na tiba shufaa, zote kwa pumzi moja. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani wa 2014 ulipitisha azimio kwamba tiba shufaa iingizwe ndani ya mifumo ya afya ya nchi, kuanzia ngazi ya chini, na sisi ni wanachama. Hesabu yao ni watu milioni 56.8 duniani wanaoihitaji kila mwaka, na wanaoipata ni kama asilimia 14. Kwa hiyo kwenye kitabu mama yumo. Kinachotakiwa ni kitita cha bima kitaje kwa jina ziara ya muuguzi nyumbani na chupa ya morfini, kama kinavyotaja kujifungua kwa upasuaji. Kisichotajwa kwenye kitita hakilipwi, na kisicholipwa mganga mfawidhi hakipangii bajeti.

Na nawaomba wanaopanga mambo haya huko juu wasianze na kujenga majengo. Nikiambiwa nichague kitu kimoja, nitachagua ile kalamu ya nesi aliyoiona mwenzetu chini ya mti.

---

Binti_wa_Iramba

Wakuu, narudi. Zimepita siku kumi na mbili.

Nilikwenda. Sista nilimkuta, tukapiga magoti wote wawili pale korido kumshukuru Mungu, kisha akanifundisha kupima kwa maji ya kawaida mpaka mkono ukaacha kutetemeka. Daktari aliongea na mama kwa simu dakika ishirini nzima, akamuuliza kinauma wapi, kikoje, kinaamka saa ngapi. Mama aliponisimulia baadaye alirudia mara mbili: "Ameniuliza mimi." Akaanzishiwa kiasi kidogo kwa ajili ya figo.

Siku mbili za kwanza alilala sana nikaogopa. Siku ya tatu, alfajiri, nilisikia mtu anaita jikoni. Amekaa kwenye kigoda, ameshika ukuta, anataka mlenda na ugali wa uwele. Alikula matonge manne. Flagyl imefanya kazi kama ulivyosema dada, na Jumapili chumbani waliingia watu saba, wakaimba humo humo. Swali la kuogopa nini nililiuliza. Si shamba. Anaogopa mdogo wangu wa mwisho ataacha shule. Mjomba ameitwa, yameongewa mbele yake, ada imeandikwa.

Ila kuna jambo jipya. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kuna mzee, tezi dume, imeshuka kwenye mifupa ya mgongo. Zamani nilikuwa simsikii kwa sababu nilikuwa namsikiliza mama. Sasa mama analala, na usiku namsikia yeye. Jana mkewe alikuja na kikombe cha chai mkononi, kimefunikwa na kisahani. Hakuomba sukari. Alikuwa amesikia nina dawa.

Sikumpa. Nilimweleza vipimo, figo, daktari, saa. Aliitikia kila neno, akaondoka na kikombe chake. Kabati lenye chupa liko hatua sita kutoka pale alipokuwa amesimama. Leo nimerudi kwa yule tabibu wa kituo cha afya nikamwonyesha daftari langu lote, akalisoma ukurasa kwa ukurasa, akasema angeweza kabisa kumfuatilia mzee kama angeruhusiwa kuandika.

Dada Sista, mzee hawezi kupanda bodaboda, lakini mwanawe yuko tayari kusafiri na kadi yake. Daktari wenu Jumatatu yupo?